Huduma ya kwanza ya kisaikolojia si kumlazimisha masoni asimulie

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni msaada wa kiutu kwa mtu aliyetoka kupatwa na jambo zito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2011 unaifupisha kwa vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha (yaani mfikishe mtu kwenye msaada anaouhitaji). Si lazima awepo mwanasaikolojia. Kapita, yaani msimamizi wa kazi, akifundishwa anaweza kuitoa.

Ubishi wangu uko kwingine. Hapa Goma nimesikia mara nyingi mno: masoni, yaani fundi mwashi, kaanguka kutoka gorofani huko mtaa wa Himbi, jioni hiyohiyo wenzake wanapangwa duara, saruji ingali imewakaukia mikononi, kila mmoja aeleze alichoona na alivyojisikia. "Toeni yote, msibaki na kitu moyoni." Kisha ripoti inaandikwa kwamba wafanyakazi wamepewa huduma ya kwanza ya kisaikolojia.

Hawajapewa. Hiyo ni debrifingi, njia aliyoieleza Mmarekani Jeffrey Mitchell mwaka 1983 akiwalenga wazimamoto na watu wa ambulansi. Baadaye ikasambazwa kila penye msiba, mpaka watu wakaanza kuipima. Mwaka 1997 watafiti wa Wales walitoa matokeo ya wagonjwa walioungua moto: miezi 13 baada ya ajali, waliofanyiwa kikao hicho 26% walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, wasiofanyiwa, 9%. Ni kweli kundi la kwanza lilikuwa limeumia zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo kosa lote tusilitupie kikao. Lakini faida ndiyo haikuonekana, na WHO nayo inashauri kisitumiwe kwa watu waliotoka tu kupatwa na tukio ili kuwakinga na kiwewe.

Kijana wa kubeba mchanga jioni ile ana maswali yake. Malipo ya leo yatatoka? Nani ameenda hospitali na majeruhi? Mke wake ameambiwa? Kumjibu ndiko kuunganisha kwenyewe, na mabosi wengi huiruka hatua hiyo kwa sababu ina gharama. Akitaka kusema, asikilizwe, akinyamaza, aachwe. Wiki zikipita na usingizi bado haumjii, hapo aelekezwe kwa wataalamu, kwa mfano Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa Goma.

Na kapita akihitaji kujua jukwaa la miti lilivunjikaje, awaulize tu mafundi, ila kwenye ripoti aandike "uchunguzi wa ajali", si huduma ya kwanza ya kisaikolojia.