Redio ya Uganda haikuwa bubu kabla ya intaneti

Vijana wengi hapa Kampala huniambia kwamba zamani redio ilisema, sisi tukasikiliza. Eti mwananchi alipata sauti intaneti ilipokuja. Si kweli.

Serikali iliruhusu redio za binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na muda si mrefu wasikilizaji wakawa wanapiga simu studio. Kisha, kuanzia mwaka 2000 hivi, zikaja ebimeeza, mijadala ya redio ya hadharani. Ekimeeza, umoja wake, kwa Kiganda ni meza kubwa. Kipaza sauti kilipelekwa baa, watu wakaandika majina yao, na kila mmoja akapewa dakika zake chache hewani, moja kwa moja: wakili, muuza mitumba, mbunge, mlevi mmoja mwenye hoja nzuri. Aliyepuuza muda alizomewa. Hebu nitajie kundi la WhatsApp lenye nidhamu hiyo! Mijadala hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2009, baada ya ghasia katika ufalme wa Buganda. Haikufa kwa kushindwa na simu. Wakati huo wengi wetu hatukuwa hata na intaneti.

Wala intaneti haijaizika redio. Intaneti ilipozimwa mkesha wa uchaguzi wa Januari 14, 2021, tulikaa siku kadhaa bila mtandao. Dukani kwa jirani yangu, redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ilitolewa chini ya kaunta, ikawekwa juu ya gunia la mchele. Tulisimama pale hadi giza.