Vyombo vya Kutua Mwezini: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wengi wanaamini kwamba wanaanga wataingia Starship, chombo cha kampuni ya SpaceX, hapa duniani, washuke nayo Mwezini, kisha warudi nayo nyumbani. Sivyo. Starship ya Mwezini haina ngao ya joto wala mabawa, kwa hiyo haiwezi kurudi duniani. Watu watasafiri kwa Orion, chombo cha NASA (shirika la anga za juu la Marekani), na kuhamia kwenye chombo cha kutua wakiwa huko angani.

Wengine wanasema SpaceX ilipendelewa mwaka 2021, NASA ilipoipa mkataba wa kuunda chombo cha kutua Mwezini. Malalamiko ya kampuni shindani, Blue Origin na Dynetics, yalikataliwa Julai mwaka huo, na Novemba Blue Origin ikashindwa mahakamani. SpaceX ilitaja bei ya chini kuliko wote, dola bilioni 2.89. Muundo wa Dynetics ulipendeza kwa sababu chumba chake cha wanaanga kilikuwa karibu na ardhi, lakini hesabu ya uzito ilikuwa imeshavuka kikomo hata kabla ya kuundwa. Mwaka 2023 Blue Origin nayo ilipata mkataba wake, wa dola bilioni 3.4.

Kuna hofu kwamba chombo kirefu lazima kianguke. Starship ina urefu wa mita 50 hivi na wanaanga watashuka kwa lifti. Blue Moon, chombo cha Blue Origin, ina mita 16. Urefu una hatari zake, sikatai. Lakini Februari 2024 Odysseus, chombo kisicho na watu chenye mita 4 tu na ushei, kilianguka ubavu kwa sababu kilitua kikiwa bado kinasogea kando.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba Blue Origin imekwepa kazi ngumu ya kujaza mafuta angani. Haijakwepa. Starship itajazwa methani na oksijeni ikizunguka dunia, baada ya safari nyingi za vyombo vya kubeba mafuta; Blue Moon nayo inategemea chombo cha kuipelekea mafuta hadi karibu na Mwezi. Tena inatumia haidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, kwa hiyo kuitunza ni kazi ngumu kuliko methani. Zaidi ya hapo, kwenye hali ya kutokuwa na uzito kimiminika hakitulii chini ya tangi: huelea na kuchanganyika na gesi, na lazima chombo kisukumwe kidogo ili mafuta yakusanyike upande wa bomba. Anayetaka kujua nani yuko mbele aangalie majaribio ya kuhamisha mafuta kabla ya picha za miundo.