Mwezi si wiki nne: bajeti ya wiki kwa nyumba yenye deni

Bajeti nyingi za wiki huharibika kabla hata ya senti ya kwanza kutumika, kwenye kugawanya. Mtu analipwa 5,200 kwa mwezi (namba zangu hazina jina la sarafu, weka za kwako), anagawa kwa 4, anapata 1,300, anaanza kuishi kwa 1,300 kila wiki. Lakini wiki 4 ni siku 28. Zile siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, ukizijumlisha kwa mwaka wa siku 365, zinafika 29, na hazina fungu lolote. Hapo ndipo watu hukopa.

Zidisha pato la mwezi mara 12, kisha gawa kwa 52. Hapa inakuja 62,400 kwa mwaka, yaani 1,200 kwa wiki. Tofauti ya 100 inaonekana ndogo, ila kwa wiki 52 ni 5,200: mshahara mzima wa mwezi uliotumika bila kuwepo. Nikikutana na deni lisiloisha, hii ndiyo hesabu ninayoikagua kwanza.

Matumizi nayo yapimwe hivyohivyo. Kodi ya nyumba ya 1,300 kwa mwezi ni 300 kwa wiki. Ada ya shule ya 2,600 kwa mwaka ni 50 kwa wiki, ila gharama za msimu zina mtego. Kama awamu ya kwanza ya 1,040 inadaiwa baada ya wiki 13, ukiweka 50 utakuwa na 650 tu siku ya kulipa. Gawa kinachodaiwa kwa wiki zilizobaki, yaani 80 kwa wiki, mpaka tarehe hiyo ipite.

Tuchukulie imeshapita. Wiki ya 1,200 naipanga hivi: kodi 300, marejesho ya lazima ya mikopo 150, ada 50, akiba ya dharura 40, chakula na mahitaji ya nyumbani 400, nauli 120, umeme na maji na simu 80. Jumla 1,140. Zinabaki 60, na hizo ni za kupunguza deni zaidi ya rejesho la lazima. Zikate mwanzoni pamoja na kodi. Ukisubiri kuona kitakachobaki Jumapili, hakitabaki kitu.

Kwa anayelipwa mara moja kwa mwezi, kodi, marejesho, ada na akiba vitoke siku ileile ya mshahara. Fungu la kuishi, ambalo hapa ni 600 kwa wiki, ni 2,600 kwa mwezi. Liweke mbali na mkono, utoe humo 600 kila wiki. Baada ya wiki 4 utaona 200 zimebaki. Hizo ni za zile siku za ziada, wala usizihesabu kuwa faida.

Wiki yenyewe ningeianza Ijumaa. Nyumba nyingi hutumia zaidi mwishoni mwa juma, na wiki inayoanza Jumatatu inafika huko ikiwa imechoka. Ukianza Ijumaa, matumizi mazito yanapita kwanza, halafu Jumatatu unajua kilichobaki na bado una siku nne za kujirekebisha. Fungu likiisha Jumatano, andika kilichozidi, na wiki inayofuata punguza kiasi hichohicho kwenye fungu hilohilo. Kuchota kwenye wiki ijayo kimyakimya ni mkopo, hata kama unajikopesha mwenyewe.

Watu huniuliza kwa nini kuweka akiba ya 40 wakati deni linakula riba. Kwa hesabu tupu wana hoja, maana akiba haizai kama riba inavyokata. Lakini nyumba isiyo na akiba ikiuguliwa na mtoto inakopa upya, na mara nyingi kwa riba mbaya kuliko ya kwanza. Kwa hiyo lenga kiasi kidogo: chakula na nauli ya wiki moja, hapa 520. Kwa 40 kwa wiki unafika baada ya wiki 13. Baada ya hapo ielekeze ile 40 kwenye deni ghali.

Kujua lipi ni ghali ndiko kugumu, kwa sababu ukubwa wa deni haukuambii. Chukua mikopo miwili: 2,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, rejesho 350, na 3,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, rejesho 300. Mdogo unakula 100 ya riba mwezi wa kwanza, mkubwa 30. Ile 60 ya wiki ni 260 kwa mwezi, ipeleke yote kwenye mdogo. Unaisha mwezi wa 4 badala ya wa 7, na riba yake inashuka kutoka takriban 415 hadi 242. Kisha 610 yote uliyokuwa ukiulipa ihamie kwenye wa pili. Nyumba inamaliza yote miwili mwezi wa 6, wakati kwa marejesho ya lazima peke yake mkopo mkubwa ungefika mwezi wa 11. Bajeti nyingi hukwama kwenye huko kuhama: deni moja linaisha, fedha zake zinayeyuka kwenye matumizi.

Hesabu hiyo inasimama tu pale riba inapokokotolewa juu ya salio. Iko mikopo ambayo riba hukokotolewa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi rejesho la mwisho. Ukikopa 12,000 kwa "asilimia 12 kwa mwaka" ya namna hiyo, utalipa 1,120 kila mwezi kwa miezi 12. Riba yake halisi, ikipimwa juu ya salio linalopungua, ni zaidi kidogo ya asilimia 21 kwa mwaka. Na hapo kulipa zaidi huenda kusikupunguzie chochote. Kabla ya kupeleka hata 60 ya ziada, muulize mkopeshaji mambo matatu na utake majibu kwa maandishi: je, malipo ya ziada yanapunguza salio au yanahesabiwa kama rejesho la mwezi ujao? Riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kuna ada ya kumaliza mapema?

Kama pato lako hubadilika, chukua wiki ya chini kabisa kati ya 12 zilizopita uijengee bajeti. Kinachozidi kigawe: nusu deni, nusu iwe ya kujazia wiki mbovu.

Rejesho la mwisho likishaingia, omba barua inayoonyesha salio ni sifuri, na uhakikishe makato kwenye mshahara yamesitishwa kabla ya mwezi unaofuata.