Kobla ya pichi yenye maji haijapungukiwa konflawa, haijaiva

"Imetoka na maji, niongeze konflawa vijiko vingapi?" Nimeletewa tena swali hili la kobla, yaani matunda yanayookwa chini ya kifuniko cha unga, na picha yake: kifuniko cha rangi ya dhahabu, kimependeza, na chini yake mapichi yanaogelea. Mwulizaji ameshashauriwa atie vijiko vinne badala ya viwili. Jamani, hapana. Konflawa iliyokuwemo ilitosha. Kilichokosekana ni moto kuifikia.

Wanga wa mahindi, yaani hiyo konflawa, kwenye maji matupu huanza kuvimba kati ya nyuzi 62 na 72 hivi. Ndani ya kobla hakuna maji matupu. Kuna sukari, na sukari inagombania maji hayo hayo na wanga, kwa hiyo kiwango kinapanda. Uzito wenyewe unakuja rojo ikikaribia nyuzi 95, yaani inapochemka kweli kweli. Mpika uji hahitaji kufundishwa hili: unga ukishaingia na sufuria bado haijachemka, ni maji meupe tu, na wala haongezi unga, anasubiri. Tukifika kwenye kobla tunasahau, kwa sababu rojo imefunikwa hatuioni.

Sasa chukua bakuli la kioo, jaza mapichi yaliyotoka friji kina cha sentimita sita, funika kwa unga mzito, tia oveni dakika 30. Pembeni patachemka. Katikati pana joto la kutosha kuunguza ulimi, ila si la kupika wanga. Wewe umetazama juu, umeona dhahabu, umetoa. Rangi ya juu inakupa habari za juu tu. Siagi, sukari na maziwa ya kwenye kifuniko vinashika rangi mapema, na oveni ndogo za mezani zenye koili karibu na trei zinaunguza juu huku tumboni ni kubichi.

Ukitii ushauri wa kuongeza konflawa, yatatokea moja kati ya mawili. Katikati pasipochemka tena, utapata maji yale yale, safari hii yenye ladha ya chaki. Siku pakichemka, utapata gundi: rojo yenye ukungu, inayonyanyuka na kijiko kama kipande kimoja, isiyo na ladha ya tunda. Na atakayeila atasema kobla si chakula cha maana.

Jifunzeni kusoma mapovu. Mapovu ya kwanza huonekana kwenye kingo za bakuli, madogo, mepesi, yanapasuka upesi, na juisi yake ina weupeweupe. Hapo wanga haujaiva. Ukifungua oveni baada ya muda utakuta yamebadilika: makubwa, mazito, yanajitokeza taratibu na kupasuka kwa uvivu, na rojo imeacha ukungu, imekuwa angavu na inang'aa. Yakionekana hivyo katikati ya bakuli pia, kwenye nafasi kati ya donge na donge la unga wa kifuniko, hesabu dakika tano nyingine ndipo utoe. Mapovu ya pembeni peke yake hayatoshi. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome katikati ya donge la katikati: nyuzi 93 hadi 95, na donge limeiva mpaka chini. Walioko Nairobi, mji wa mwinukoni, msisubiri 100, maji yenu yanachemka kwenye 94 hivi.

Basi tupike inavyotakiwa. Bakuli la mraba la sentimita 23, la bati kama lipo, kwa sababu bati linapasha haraka kuliko kioo. Mapichi kilo 1.2, ambayo yakishamenywa na kutolewa kokwa yanabaki kama kilo moja. Kina kisizidi sentimita nne. Kobla si chungu cha kuhifadhia matunda.

Kumenya: kata msalaba kwenye kitako, chovya maji yanayochemka sekunde 45, hamishia maji baridi, ganda linavuka lenyewe. Lisipovuka, tunda halijaiva. Menya kwa kisu au acha ganda, halidhuru. Kata vipande vinene vya sentimita mbili hivi, vyembamba vitapondeka. Kama mnaweza kuchagua, chukueni mapichi yanayoachia kokwa. Elberta, pichi la njano lililotoka Marshallville, jimbo la Georgia huko Marekani, kwa mkulima Samuel Rumph miaka ya 1870, ni la aina hiyo. Yanayong'ang'ania kokwa ndiyo mengi yanayoishia kwenye makopo, maana nyama yake hukaa imara ikipikwa. Mapichi ya Lushoto yanafaa kabisa. Ni madogo na yana uchachu, nami uchachu naupenda kwenye kobla. Ongeza sukari kijiko kimoja, punguza ndimu.

Changanya tunda na sukari gramu 80, chumvi kidogo, na maji ya ndimu kijiko kimoja cha mezani. Acha dakika 40. Sukari itakamua juisi, kikombe kasoro, wakati mwingine zaidi. Usiimwage! Ichuje kwenye sufuria ndogo, ichemshe mpaka ibaki nusu. Hii ndiyo hatua inayoondoa maji, na ndiyo ambayo watu wanairuka halafu wanakwenda kuhangaika na konflawa. Umetoa maji kwa mvuke, ladha imebaki na imekolea.

Koroga konflawa kijiko kimoja na nusu cha mezani kwenye vijiko viwili vya maji baridi, imimine kwenye juisi inayochemka huku unakoroga, dakika moja, ing'ae. Rudisha juu ya mapichi. Mmeona? Wanga umeshaiva kabla haujaingia oveni. Huitegemei bahati tena. Usiiache jikoni ikichemka robo saa, maana asidi ya ndimu na tunda ikikaa kwenye moto mrefu inauvunja wanga na rojo inalegea.

Kuhusu hicho kijiko kimoja na nusu, niseme wazi: ni makisio. Pichi lililoiva sana linavuja juisi kupita lililo gumu, na hata matunda ya mti mmoja hayalingani. Mapishi yanayoandika kiasi kamili kana kwamba ni dawa ya hospitali yanajidai. Anza na kimoja na nusu, tazama juisi iliyopatikana, tumia akili.

Ya kopo? Yanakubalika, wala msione haya. Makopo mawili makubwa ya gramu 825, chuja, sukari usitie au tia kijiko kimoja tu, ndimu tia mara mbili. Sharubati ya kopo moja tu ndiyo ya kuchemshwa ibaki nusu. Ya kopo la pili kunywa au mwaga. Tunda la kopo limeshapikwa, usilipike tena peke yake. Mapichi yaliyogandishwa yayeyushe kabisa kwanza, na maji yake yafanyie kama ile juisi.

Mdalasini nusu kijiko cha chai. Kungumanga ni kukwangua mara tatu nne. Wengine hawatii kabisa viungo, na kwa pichi zuri la msimu sina hoja ya kuwapinga.

Sasa tunda na rojo yake liingie oveni peke yake, nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, mpaka lichemke pembeni. Unga unasubiri nje. Donge likidondoshwa juu ya tunda baridi, upande wa chini unakaa kwenye ubaridi na unyevu huku juu kunaokwa, na ndipo linapotokea lile tabaka la unga mbichi linalonata kwenye meno. Likidondoshwa juu ya tunda linalochemka, chini yake linaanza kuiva dakika ile ile.

Kifuniko: unga wa ngano gramu 200, sukari 50, beking pauda vijiko viwili na nusu vya chai, chumvi nusu kijiko. Siagi baridi gramu 85, ikate kwenye unga kwa vidole mpaka ibaki vipande vya ukubwa wa mbaazi. Mtindi baridi mililita 160. Ukiwa mzito sana uzimue kwa maziwa. Koroga kwa mwiko mara chache, acha ukiwa na mabongemabonge. Usikande! Watu wa Kusini mwa Marekani wanatumia unga laini wenye protini kidogo, ambao kule unauzwa kwa kazi hii. Unga wetu wa dukani, hasa unaosifiwa kwa chapati, una nguvu zaidi, na ukiukanda kidogo tu unakuwa mgumu. Dawa yake ni kutoa vijiko viwili vya unga huo na kuweka konflawa mahali pake. Ndiyo, hapo konflawa ina kazi.

Dondosha madonge tisa, kila moja gramu 55 hivi, ukiacha nafasi ya kidole kati yake. Hii nafasi si mapambo. Mvuke wa tunda lazima upate pa kutokea. Ukitandaza unga ukuta kwa ukuta umeufungia ndani, unapiga chini ya kifuniko na kurudi kuwa maji. Yaani maji yale yale unayolalamikia umeyafungia mlango mwenyewe. Anayependa kifuniko cha kusukuma, kama wengi wafanyavyo kule kwa unga wa pai, akate mikanda na kuipanga kwa kupishana, au atoboe matundu ya kweli, si vidoti vya uma.

Nyunyiza sukari juu, oka nyuzi 200 dakika 22 hadi 28, trei ikiwa theluthi ya chini ya oveni, na trei nyingine chini yake ya kudaka yanayomwagika. Juu kukiwahi, weka karatasi ya foili, endelea. Ukaguzi wa mwisho ni ule wa mapovu na wa chini ya donge: linyanyue kwa ncha ya kisu. Vitabuni utaona picha za kifuniko kikavu mpaka chini kabisa. Ukweli ni kwamba utando wa milimita mbili tatu uliolowa rojo hautaisha, na sioni sababu ya kuisha, ni mtamu. Sentimita nzima ya unga unaonata, hapo rudisha.

Halafu wacha ipoe dakika 30 hadi 40. Najua harufu. Najua watoto wamesimama mlangoni. Rojo ya wanga inaendelea kushika jinsi inavyopoa, na kobla iliyochotwa ikiwa imetoka oveni itatiririka hata kama umefanya yote sawa. Nusu ya malalamiko ya "imetoka maji" yangeisha kwa kusubiri tu.

Ipo kobla nyingine kabisa, ya kumimina, na watu wanachanganya kanuni za hii na za ile. Siagi gramu 113 inayeyushwa kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33 humo humo ndani ya oveni. Unga kikombe kimoja, sukari kikombe, maziwa kikombe, beking pauda kijiko cha mezani, chumvi. Koroga, mimina juu ya siagi ya moto, kisha panga tunda juu. Nyuzi 180, dakika 45 hadi 55. Hakuna kukoroga baada ya kumimina. Tunda litazama, mchanganyiko utavimba na kulifunika, na siagi iliyokimbilia pembeni itakaanga kingo ziwe za kukatika. Ukikoroga umepata keki nzito yenye mafuta. Hapa konflawa haihusiki hata kidogo, kwa sababu unga wenyewe unainywa juisi.

Wasio na oveni, hamjakosa kitu. Kule Marekani wapishi wa kambini wanaipika kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko wa ukingo, makaa chini na makaa juu, na kwa anayepalia mkate wa kumimina hakuna jipya hapo. Tumia sufuria nzito. Nyembamba ya alumini inaunguza sukari kabla katikati hapajapata moto, na kobla ikilala humo usiku kucha inaweza kushika ladha ya bati. Chemsha tunda na rojo kwenye jiko kwanza, dondosha madonge, funika kwa sinia, kisha theluthi mbili za makaa ziwe juu, theluthi moja chini. Funua baada ya dakika 20 uone. Ukisikia harufu ya sukari inayoungua kabla madonge hayajashika rangi, chini makaa yamezidi. Punguza ya chini, ya juu usiyaguse.