Dawa ya kiungulia nayo inaweza kukuletea mzio mkali

Fomu moja ya kuripoti madhara ya dawa iliyotufikia juzi, kwenye nafasi ya jina la dawa pameandikwa "kapsuli ya kiungulia, ina rangi mbili", basi. Mgonjwa kavimba midomo, kifua kimebana, kaanguka akielekea chooni, yote ndani ya nusu saa baada ya kumeza, na sisi tunaopokea taarifa hatujui kameza nini. Jamani.

Wengi wanadhani mzio ni wa penisilini na salfa tu. Dawa za kiungulia kama omeprazole, pantoprazole, lansoprazole na ndugu zao, hata famotidine, zote zimeshawahi kumletea mtu mzio mkali wa mwili mzima. Ni nadra sana, kwa hiyo kama umeandikiwa na huna shida endelea nayo, usije ukasema sisi ndo tumekuachisha. Kichwa kuuma au kuharisha kidogo ni maudhi ya kawaida, sio mzio.

Halafu kuna hii ya "mbona mwaka jana niliimeza na sikuona kitu". Ndiyo, mwili unaweza kuizoea dawa kwa ubaya, mara ya kwanza kimya, mara nyingine ndo unawaka. Na aliyepata mzio kwa omeprazole akaenda kununua esomeprazole hajabadilisha kitu, ni karibu dawa ile ile, na hata hizo nyingine za kundi hilo usijaribu kwa kubahatisha, muache daktari wa mzio akupime ajue ipi inakufaa.

Mtu akivimba ulimi, akikoroma kifua au akizimia baada ya kumeza, hiyo ni dharura. Mlaze, miguu juu, kama anapumua kwa shida muache akae ila asisimame wala kutembezwa. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini kwenye paja kwa nje, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Kidonge cha aleji kinapunguza muwasho tu, hakifungui koo, sijui tuliseme hili mara ngapi. Akipata nafuu msikimbilie nyumbani, hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, abaki chini ya uangalizi.

Sasa ripoti. Andika jina la dawa lililo kwenye pakiti (sio la biashara peke yake), kipimo, namba ya bachi, tarehe ya kuisha, saa uliyomeza na saa dalili zilipoanza, kilichofanyika na mgonjwa yuko hali gani. Pakiti usiitupe, ipige picha pande zote. Huhitaji ushahidi, kushuku kunatosha, na kuripoti sio kushtaki mtu. Dawa nyingine zote ulizomeza siku hiyo ziandike pia, maana walio kwenye dozi ya kuua bakteria wa vidonda vya tumbo mara nyingi humeza na amoksilini (nayo ni ya ukoo wa penisilini) humo humo, na mwenye kosa anaweza kuwa huyo.