Gentan: kulipwa usilime mpunga

Mwambie mkulima wa Mbarali au Mwea kwamba ipo nchi ambako serikali ilimlipa mtu ili asipande mpunga, atadhani unamtania. Kwetu ruzuku ni mfuko wa mbolea wa bei nafuu, na mbolea hiyo hutolewa ili magunia yaongezeke. Japani, kwa karibu miaka 50, walilipana ili magunia yapungue. Mpango huo uliitwa gentan.

Neno lenyewe halina makuu. Gen ni kupunguza, na tan ni kipimo chao cha zamani cha shamba, takriban robo ekari. Kwa hiyo gentan ni kupunguza eneo linalolimwa, na eneo linalokusudiwa ni la mpunga.

Chanzo chake ni shibe. Mwaka 1942, katikati ya vita, Japani ilitunga sheria iliyoifanya serikali kuwa mnunuzi wa mchele wa nchi nzima ili ugawiwe kwa zamu na kwa kipimo. Baada ya vita mashamba ya mamwinyi yakagawiwa wapangaji, kila mmoja na kipande chake kidogo, na wakulima hao wapya wakawa ngome ya kura ya chama kilichotawala miaka mingi, Liberal Democratic. Mwanasiasa wa vijijini alijua kazi yake: kupandisha bei ambayo serikali inamlipa mkulima. Mlaji wa mjini naye aliuziwa kwa bei ya chini kuliko ile ya kununulia, na pengo likazibwa na hazina.

Nani asingelima? Mpunga ukajaa. Wakati huohuo watu wakaanza kula mkate, nyama na maziwa. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka. Siku hizi hafikishi hata nusu ya hizo. Kufikia 1970 maghala yalikuwa na akiba ya zaidi ya tani milioni 7. Kushusha bei ilikuwa sawa na kutupa kura, basi wakaona afadhali wapunguze mpunga wenyewe. Gentan ilianza rasmi 1971.

Utaratibu ulikuwa huu: serikali inakadiria mchele utakaoliwa mwaka ujao, inagawa mafungu kwa mikoa, mikoa kwa wilaya, hadi fungu linamfikia mkulima kwa mkono wa kijiji na chama cha ushirika. Sehemu ya majaruba unaiacha, au unapanda ngano au soya, unalipwa. Ukikaidi, unawaponza na majirani, na kijijini adhabu hiyo ni kali kuliko faini.

Kijiji cha Ogata, mkoa wa Akita, kilionja uchungu wake. Hapo palikuwa na ziwa Hachirogata, la pili kwa ukubwa nchini. Lilianza kukaushwa 1957, wakaletwa walowezi kutoka kila pembe, wakapewa hekta 10 na baadaye 15, jambo la ajabu katika nchi ya vishamba. Waliambiwa wao ndio mfano wa kilimo kipya cha mpunga. Hawajatulia vizuri, wakaambiwa wapunguze. Katikati ya miaka ya 1970 waliozidisha eneo waliamriwa kuukata mpunga ungali mbichi, masuke hayajakomaa. Wengine walikataa, wakauza mchele wao nje ya mfumo, nao ukaitwa mchele wa magendo. Miaka ya 1980 vikawekwa vizuizi barabarani kukagua malori. Fikiria: magendo ya mchele uliolimwa na mwenye shamba kwenye shamba lake.

Kwa maoni yangu aliyeumia zaidi ni mlaji, maana alilipa mara mbili: kodi iliyogharimia ruzuku, kisha bei ya dukani iliyobaki juu kwa sababu mchele ni haba. Wa kutoka nje nao ulizuiwa na ushuru wa yeni 341 kwa kilo, ukiacha kiasi maalumu kilichoruhusiwa kuingia bila ushuru huo. Watetezi wana hoja pia: majaruba huzuia mafuriko, na bei ikianguka vijiji vya milimani vitahamwa.

Mageuzi yakaja. Mwaka 2013 serikali ya waziri mkuu Shinzo Abe ilitangaza kwamba mafungu yatafutwa, na 2018 yakafutwa. Ila walizika jina tu. Ruzuku ya kuhamia mazao mengine ilibaki, na kituko chake ni mpunga wa mifugo: jaruba lilelile, maji yaleyale, lakini aliyeupeleka kwa kuku badala ya binadamu alipata yeni 55,000 hadi 105,000 kwa kila tan.

Ukipima uzalishaji ulingane na ulaji, hubaki na nafasi ya kukosea. Kiangazi cha 2023 kilikuwa cha joto kali na ubora wa mchele ukashuka. Agosti 2024 likatoka tangazo la tahadhari ya tetemeko kubwa, watu wakakimbilia madukani, rafu zikabaki tupu. Mfuko wa kilo 5 uliokuwa karibu yeni 2,000 ulipita 4,200 Mei 2025. Mwezi huohuo waziri wa kilimo, Taku Eto, alisema yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wake humletea. Siku chache baadaye alijiuzulu. Aliyemrithi, Shinjiro Koizumi, alifungua akiba ya serikali na kuiuza moja kwa moja kwa wenye maduka, na mfuko wa mchele huo wa akiba ukauzwa kama yeni 2,000.

Agosti 2025 waziri mkuu Shigeru Ishiba alitangaza kwamba sasa nchi itaongeza mpunga. Oktoba akaingia Sanae Takaichi, na waziri wake wa kilimo akarudia kauli ya zamani, kuzalisha kulingana na mahitaji. Mkulima anayesubiri wakubaliane ana umri wa wastani unaozidi miaka 65.