Kidole cha mzee chenye wino si ruhusa ya kuuza parseli (kiwanja)

Mawakili wa Bukavu, huku Kongo (RDC), wamechoka kuisikia: mzee akishapoteza akili, watoto wanaandika prokurasio (karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako), wanashika kidole chake, wanakichovya kwenye wino, wanakibandika chini ya karatasi, mambo yamekwisha. Hapana. Prokurasio hutolewa na mtu anayejua anachokitoa na anayempa. Mzee asiyetofautisha noti ya dola 10 na ya 100 hawezi kukupa mamlaka yoyote, hata mkimbandika vidole vyote kumi. Notere (afisa anayethibitisha hati) aliye makini atamsemesha kwanza, na asipojibiwa ataikataa karatasi. Asiye makini atapiga muhuri, na balaa inaanzia hapo: mnunuzi analipa, anaanza kujenga, kisha ndugu aliyeko Kinshasa anatokea na cheti cha daktari chenye tarehe ya kabla ya mauzo. Kesi inakula miaka, pamoja na pesa ya parseli.

Hata prokurasio iliyotiwa sahihi mzee akiwa na akili timamu ina mipaka. Ikiandikwa kwa jumla, inaruhusu usimamizi tu: kupokea kodi ya nyumba, kulipa umeme wa SNEL na maji ya Regideso, kufuatilia pansheni. Kuuza au kuweka rehani lazima kutajwe waziwazi. Na hukumu ya interdiksio (ya kumwondolea mtu uwezo wa kisheria wa kujiamulia) ikitoka, prokurasio imekufa.

Njia halali ya kushika mambo ya mzee asiyejiweza imo katika Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016. Interdiksio ni ya mtu mzima ambaye akili yake imeharibika kwa namna ya kudumu. Anahesabiwa kama mtoto mdogo, na mlezi anatenda kwa niaba yake. Kuratela ni ya aliyedhoofishwa na uzee au ugonjwa, au anayetapanya mali. Yeye bado anaamua, ila kwa mambo mazito kama kuuza au kukopa lazima kurateri (msaidizi wake wa kisheria) awe upande wake. Familia nyingi zinaomba interdiksio pale ambapo kuratela ingetosha. Huko ni kumvua mzee heshima bila sababu.

Faili nyingi zinazopelekwa tribinali (mahakamani) zinaangushwa na vitu viwili. Cha kwanza ni cheti kinachosema tu "ni mgonjwa". Kiwe kipya, cha daktari wa magonjwa ya akili (wapo Sosame, kituo cha afya ya akili cha Bukavu), na kieleze kwa undani: anatambua watoto? anajua pesa? hali hii ilianza lini? Cha pili ni muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na watoto wa tumbo moja tu, wakati baba ana wake wawili. Waiteni wote, andikeni undugu wa kila mmoja, na asiyekubali aandikwe pamoja na sababu yake. Jaji akigundua aliyefichwa, hatawaamini tena. Ongezeni orodha ya mali na madeni, na kopi ya cheti cha usajili wa parseli.

Yako pia maneno ya mtaani yasiyo ya kweli. "Mtoto wa kwanza ndiye mwenye haki." Uzaliwa wa kwanza haumpi mtu sahihi ya baba yake. Na urithi haufunguki mwenye mali akiwa hai, kwa hiyo kuitana warithi sasa ni kujidanganya.

"Mke anaweza kuuza peke yake kwa sababu mume haelewi tena." Parseli ya ndoa inahitaji kauli ya wote wawili. Mume akishindwa kuitoa, tribinali ndiyo mlango, si saini ya shemeji.

"Mlezi akishateuliwa, mali ni yake." Anaanza kwa kuorodhesha kila kitu, na atatoa hesabu. Nyumba haiuzwi bila ruhusa ileile ambayo sheria inadai kwa mali ya mtoto mdogo. Nunueni daftari siku hiyohiyo: tarehe, kiasi, risiti imegundishwa pembeni.

"Kipofu au aliyepooza anahitaji interdiksio." Akili ikiwa salama, hapana. Huyo aende kwa notere mapema, prokurasio itaje kila kitendo kwa jina lake.

"Hukumu haifutiki." Akipona, tribinali hiyohiyo inaombwa iiondoe. Lakini kupona peke yake hakutoshi: mpaka hukumu ya pili itoke, asiuze wala asikope.